Generosa Cletus na Unga wa Msiba Wake

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu Generosa Cletus, aliyezaliwa Karema tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Cletus na Mama Scolastica. Alisoma shule ya msingi hapohapo Karema, sekondari Tabora, kisha akasomea sayansi ya chakula Morogoro na kuhitimu mwaka 1984.

Mwaka 1985 alipangiwa kazi hapa Mpanda, akawafundisha akina mama wa vijijini kuloweka muhogo mchungu siku nne, na kuupima unga kwa karatasi ya njano, inayofungiwa usiku kucha ndani ya chupa yenye unga uliolowa, nayo hugeuka kahawia ikikuta sumu. Hakula ugali wa msiba wowote kabla ya kuupima, ndiyo maana wengi wenu mlimwita Mama Chupa.

Alifunga ndoa na Elia Yotham tarehe 12 Julai 1986, wakajaliwa Arcade, 1987, na Jeannine, 1990.

Aliugua ini tangu Mei mwaka huu wa 1997. Jumamosi tarehe 30 Agosti, akiwa na fahamu zake zote, alituambia wodini, "Nyie, huo mfuko wa kitambaa cha bluu bado unanuka, msiwapikie watu," tukatazamana, kwani hapakuwa na mfuko. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Septemba, alfajiri.

Jana rafiki yake Libérate alifika kutoka Katumba na unga uliofungwa kwa kitambaa cha bluu. Ametueleza mwenyewe kwamba aling'oa muhogo Jumanne baada ya kupata habari, akauloweka usiku mmoja tu na kuukausha juu ya moto, ili asije msibani mikono mitupu. Marehemu alipousema mfuko huo, muhogo wenyewe ulikuwa bado ardhini. Elia alifungia karatasi chupani, na leo asubuhi tumeikuta kahawia.

Tunajua kwamba kukataa chakula alicholeta mtu msibani ni kumkataa yeye, hivyo tulimwomba Libérate radhi, naye akaufukia unga ule kwa mikono yake. Tukitoka makaburini mtakula wali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kashaulili, na wafanyakazi wenzake waliokesha nasi.

Pumzika kwa amani, dada, hakuna aliyeonja.