Daktari wa Panya na Mkono Aliouchagua

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mlinzi wa ghala, na maswali yake yaliwachosha wote wawili.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu udaktari mwaka 1989. Badala ya kufungua zahanati, akajifungia maabara. Mama yake akaguna, "Nimesomesha daktari wa watu, nimeletewa daktari wa panya!" Jina likamganda, naye akalipenda.

Panya hao walikuwa na sababu. Mdogo wake wa pekee alikuwa ametekwa na heroini, na kila alipoirudia, ndugu walisema hana haya. Marehemu hakuridhika. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichunguza chembe za kinga zilizomo ndani ya ubongo, na jinsi dawa hiyo inavyozishtua na kuchochea uchu.

"Ubongo una walinzi, kama baba pale ghalani," aliwaeleza mezani. "Heroini ikiingia wanapuliza filimbi. Filimbi zikizidi, kichwa hakitulii, mtu anaitafuta tena. Nyie mnamgombeza tu!"

Hakudai amepata tiba. Alidai mdogo wake asifungiwe mlango, na wa kwake ulibaki wazi mpaka kijana alipopata matibabu, akaacha, akawa fundi wa majokofu.

Tarehe 3 Desemba 1994 aliolewa na mwalimu wa hisabati. "Nilijua nitagombea mke na panya," mumewe husema hadi leo. Walijaliwa mabinti wawili.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Maumivu yalipozidi, akaandikiwa mofini ya maji, dawa ya maumivu iliyo ndugu wa heroini. Nani amnyweshe?

"Mdogo wangu," akasema.

Shangazi yao akaruka. "Yule? Na mofini?"

"Ufunguo wa kabati ukae kwa mume wangu, maana walinzi wa kichwani mwake huenda bado hawajalala. Lakini mkono wa kuninywesha uwe wake."

Mdogo mtu akaisogeza chupa mbali. "Dada, usinipime."

"Sikupimi. Naumwa, nataka unitunze."

Akamtunza vizuri sana. Marehemu alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Mei, kichwa chake kikiwa mkononi mwa mdogo wake. Mchana wake mdogo huyo na shemeji yake walirudisha chupa hospitali. Muuguzi akaipima, akalinganisha na dozi zilizoandikwa, hakikupungua kitu zaidi.

Ameacha mume, mabinti wawili, shangazi, na mdogo wake, ambaye tangu jana anao ufunguo wa nyumba ya shangazi, aliopewa na shangazi mwenyewe.

Apumzike kwa amani, na maumivu yasimfikie tena.