Oktavia Mlowe, 1949–1998: Mwanamke Aliyekataa Kufuta Mstari

Marehemu Oktavia Mlowe alizaliwa Uwemba, Njombe, Jumatatu tarehe 14 Februari 1949, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Elieza Mlowe na Mama Tereza. Alibatizwa misheni hapo hapo wiki mbili baadaye. Alichelewa kusema, hata majirani wakaanza kumpa mama yake ushauri ambao hakuuomba. Alipofika umri wa kubeba kuni, alipanda na mama yake kutoka kwenye miti ya miwati, na katikati ya mlima palikuwa na jiwe bapa. Mama Tereza alikuwa na sheria moja: hakuna kulipita jiwe lile bila kutua mzigo, hata kama hujachoka. Aliwaambia binti zake kwamba asiyetua kwenye jiwe atatua kwenye matope. Oktavia aliyakumbuka maneno hayo akiwa mtu mzima, tena kwa kuchelewa, kama itakavyoonekana.

Alisoma shule ya msingi na ya kati Uwemba kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Mwaka 1967 alimaliza kozi ya ulezi wa watoto, akafanya kazi katika kituo cha watoto wadogo mjini Njombe kwa miaka minane. Mwaka 1976 alichaguliwa kwenda Dar es Salaam, Chuo cha Ustawi wa Jamii. Alirudi mwaka 1978 na cheti, miwani, na tabia ya kuandika kila kitu alichosikia.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Ludewa. Mapema mwaka 1979 alitumwa Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusuluhisha ugomvi wa ndugu wawili juu ya watoto yatima. Aliteremka milima kwa miguu siku nzima akiwa amevaa sweta la Njombe, akafika chini kwenye joto ametota jasho, na akina mama wakacheka mpaka wakaketi. Akafungua daftari, akauliza, akaandika kurasa nne. Bibi mmoja mfinyanzi alimwacha amalize, kisha akamwambia, “Mwanangu, umeandika sana. Sasa funga hilo daftari, tukuambie.” Oktavia alilifunga. Alisema baadaye kwamba chuo kilimpa cheti, lakini kazi aliianza siku hiyo.

Tarehe 27 Desemba 1980 alifunga ndoa na Mwalimu Timoth Mwalongo katika parokia ya Njombe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zita na Sila. Mwalimu Timoth hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkewe alipochelewa kurudi, aliweka chakula kwenye makaa na kufunika, wala hakuuliza alikuwa wapi, kwa kuwa alijua asingejibiwa. Siri za watu hazikuingia nyumbani kwao. Uzito wake uliingia.

Mwaka 1986 marehemu alihamishiwa Makambako. Wanaoufahamu mji ule wanakumbuka ulivyokuwa ukibadilika miaka hiyo. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori yalilala njia panda, bidhaa zilijaa madukani, watu walishuka kutoka kila mkoa kutafuta riziki. Wengi waliipata. Wengine waliacha wake na watoto nyuma yao, na wake hao walikuja kuketi kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, ofisi ya chumba kimoja, afisa mmoja, mpiga taipu mmoja na tarishi mwenye baiskeli.

Mwezi Mei 1989 alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu. Jina lake halitatajwa hapa. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kanga, na aliomba jambo moja tu, kwamba mumewe asijue alipo. Oktavia alimpeleka mwenyewe kwenye kituo cha masista karibu na Njombe. Masista walimpokea akawa anasaidia bustanini, na mtoto akafumiwa sweta la kijani. Lilibaki suala la kumwita mume ofisini ajibu juu ya matunzo na juu ya ule mkono.

Jumanne tarehe 13 Juni 1989 Oktavia aliandika barua ya wito. Aliiandika kama alivyofundishwa na kama alivyoandika mamia ya barua kabla yake: kumbukumbu namba, tarehe, yahusu, na chini kabisa, baada ya sahihi, neno Nakala. Kila anayejua jambo hupelekewa nakala, na kila anayepelekewa huandikwa. Akaandika: Sista Mkuu, jina la kituo, kwa taarifa. Hulda, mpiga taipu, binti aliyekuwa na miezi mitano kazini na bado katika majaribio, alipiga alichopewa. Oktavia akasoma, akatia sahihi, na tarishi akaondoka na baiskeli.

Ijumaa, siku ya wito, mume hakufika ofisini. Alikuwa ameisoma barua mpaka mwisho, na siku moja kabla, Alhamisi, alikwenda kwa masista na gari dogo na wanaume wawili. Mama alikuwa bustanini. Mtoto alichukuliwa mlangoni mwa jiko.

Habari zilimfikia Oktavia Ijumaa hiyo saa nne asubuhi. Alifungua jalada, akatoa nakala ya kaboni, akaisoma kuanzia juu hadi chini. Hulda, ambaye leo yuko pamoja nasi, anasema hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya mstari ule na hakukiondoa kwa muda mrefu.

Siku tisa zilipita mtoto hajulikani alipo. Baba alikana mbele ya polisi, akisema amempeleka kwa ndugu na ndugu ni wengi. Ilikuwa ile baridi ya Juni ambayo umande huganda kwenye majani ya viazi, na Oktavia alizunguka nyumba kwa nyumba na askari, hata asikumbuke kama amekula. Mzee Halfan, msafirishaji wa pale Makambako, aliwaagiza madereva wake wote wamtazamie mtoto mwenye sweta la kijani katika kila kituo walichosimama, kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Kila jioni alipita ofisini kusema kwamba hakuna kitu, na kila jioni alisema, “Mama Zita, nenda nyumbani.” Hakwenda.

Ndani ya siku hizo hizo mkuu wake wa kazi alikuja kutoka wilayani. Hakuwa mtu mbaya. Alijua uchunguzi utakuja, na alijua ofisi yenye afisa mmoja ikimpoteza huyo mmoja itafungwa. Alifunga mlango, akashauri barua ipigwe upya bila mstari wa mwisho, na ile ya zamani itoke kwenye jalada. Wakiulizwa kuhusu ile iliyomfikia mume, waseme mpiga taipu aliongeza kwa mazoea. Hulda alikuwa upande wa pili wa mlango wa mbao, na mbao zile zilikuwa nyembamba.

“Hulda alipiga nilichoandika,” Oktavia alisema. “Mstari ni wangu.”

“Karatasi ni karatasi, Mama Zita. Una watoto.”

“Na yule mama ana mmoja.”

Mkuu alimwambia afikiri mpaka kesho. Oktavia alifikiri. Mwalimu Timoth anakumbuka kwamba usiku ule mkewe alimuuliza kama mshahara wa mwalimu unaweza kuwalisha wote wanne, na yeye akajibu kwamba viazi havijawahi kuwanyima. Asubuhi aliandika taarifa ya kurasa mbili kwenda mkoani Iringa. Alieleza kosa, tarehe, na jina lake. Chini, palipo na desturi ya Nakala, hakuandika kitu.

Tarehe 24 Juni, Jumamosi, Mzee Halfan alifika akihema. Mkewe, Bi Ashura, alikuwa amekwenda Kitandililo kununua maharage, akaona sweta la kijani uani kwa mtu. “Tumemtafuta hadi Tunduma,” alisema Mzee Halfan, “kumbe mtoto yuko hapa Kitandililo, tungemwita angeitika.” Walikwenda na askari. Mtoto alikuwa mzima. Lakini Oktavia alipomwita, hakuitika. Hakusema neno siku hiyo, wala wiki ile, wala mwezi ule.

Ilibaki kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Mama yule alikuwa hajui mumewe alijuaje mahali. Oktavia angeweza kumrudishia mtoto, akapokea asante, akaondoka. Baada ya kumkabidhi mtoto aliketi naye kwenye ukingo wa bustani ya masista, akamwambia kwamba ni barua yake mwenyewe iliyomwonyesha mume njia. Mama yule alimvuta mtoto, akampakata.

“Siku tisa nimewachukia masista,” alisema. “Nilidhani ndio walioniuza. Nimekula chakula chao kwa chuki.” Kisha akasema, “Leo siwezi kukusamehe, Mama. Ila umekuja mwenyewe.”

Oktavia alimjibu kwamba hakuja kuomba hilo. Tangu siku hiyo alikwenda kila Jumamosi ya pili, akiketi na mtoto bila kumhoji. Mama alipokata tamaa, Oktavia alimwambia kwamba hata yeye alichelewa kusema, na alipoanza, watu walitamani aache. Mwezi Oktoba, wiki moja baada ya mahakama kumpa mama haki ya kumlea mtoto wake, mtoto alimwomba Oktavia maji. Alikwenda kuyachota, akakaa kisimani kitambo kabla ya kurudi.

Kutoka Iringa alipata onyo kali la maandishi, na kupanda daraja kukasimamishwa miaka mitatu. Hakulalamika. Hulda alithibitishwa kazini. Lakini mwili wa marehemu ulianza kudai. Alikosa usingizi, tumbo likamchoma, akaanza kuwafokea watoto wake kwa vitu vidogo. Siku moja mwaka 1990 alifika kwa Mama Tereza, Uwemba, akaanguka mlangoni. Mama yake alimkanda miguu, akamuuliza swali moja tu: jiwe lake huko Makambako liko wapi.

Hakuwa nalo. Akalitengeneza. Mwaka 1991 aliomba kurudi chuoni kwa stashahada ya juu, akiwa na miaka arobaini na miwili, katika darasa la vijana waliomwita Bibi na kumnakilia maelezo ya ubaoni kwa herufi kubwa. Alimaliza mwaka 1993, na mwaka uliofuata akahamia Njombe kuwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya, wakati serikali ikipunguza watumishi na waliobaki wakibeba kazi za walioondoka. Pale alianzisha kile walichokiita kutua. Kila Ijumaa saa tisa alasiri maafisa wake waliketi, na kila mmoja alisema lililomlemea wiki ile, bila kutaja jina la mtu wala kijiji. Afisa kijana, Kheri, alimuuliza siku ya kwanza, “Mama, hii ni ofisi au maungamo?” Akamjibu, “Kwenye maungamo unaondolewa dhambi. Hapa unasikilizwa tu, na Jumatatu unarudi kazini.” Kheri ndiye aliyelia wa kwanza, Ijumaa ya tatu.

Aliwafundisha pia kusoma barua kuanzia chini kwenda juu kabla ya kutia sahihi, na katika kila jina kujiuliza: huyu akisoma, atafanya nini kabla jua halijazama? Barua zenye maisha ya mtu ndani yake alizipeleka kwa mkono wake. Kila alipopata maafisa wapya aliwaonyesha nakala ya kaboni ya Juni 1989, majina ya watu na mahali yamefunikwa kwa karatasi, sahihi yake ikiwa wazi.

Mwezi Novemba 1997 alianza kupungua uzito. Machi 1998 madaktari waligundua saratani ya tumbo. Alifanya kazi hadi Julai, alipokabidhi majalada yote kwa Kheri, moja baada ya jingine, kwa siku sita. Alipolazwa alikuwa na wasiwasi wa jambo moja. Alimwambia mdogo wake Hilda, aliyeandika wasifu huu, kwamba watakaposoma habari zake wasiiache ile barua. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 15 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana wosia huo uliigawa familia. Kaka yake mkubwa, Hilari, alisema kwa uchungu kwamba marehemu hasemwi makosa yake mbele ya jeneza, na kwamba watu wataondoka na kosa hilo wasahau miaka ishirini ya kazi. Mabishano yalikuwa makali, na wapo waliotoka nje. Mwisho Mwalimu Timoth alisema, “Tukiuondoa mstari huo leo, tumefanya lile alilolikataa.” Kaka Hilari aliinama, kisha akasema isomwe yote. Imesomwa.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Timoth Mwalongo. Watoto wawili, Zita na Sila. Mama mzazi, Mama Tereza. Kaka zake, Hilari na mwingine mmoja, na wadogo zake wanne akiwemo Hilda. Maafisa aliowalea, na Hulda aliyemwita mwanawe. Ameacha pia mtu mmoja ambaye sasa ana miaka kumi na miwili. Jina lake halimo katika orodha hii na halitaandikwa kokote. Pengine yuko mbali. Pengine amesimama kati yetu hapa na mama yake. Tunaomba mtu yeyote asigeuke kutazama.

Dada Oktavia, umefika kwenye jiwe. Tua mzigo, upumzike kwa amani.