Solveig na Ajenda Namba Nane

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, saa tisa na nusu alasiri, Solveig Toftegaard atafunga ofisi ya Kituo cha Joto cha Hvedstrup na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka arobaini na moja na miezi mitatu ya kazi. Katika muda wote huo amekosa kufika kazini siku kumi na tisa tu, nyingi kwa sababu ya mafua ambayo mwenyewe anadai yaliletwa na mabua yetu. Ni kweli. Kituo chetu kinachoma mabua ya ngano, na karani wake mkuu hawezi kupita karibu na bua moja bila kupiga chafya.

Aliajiriwa mwaka 1984, akiwa na miaka ishirini na sita, kuwa karani wa bili. Wakati huo tulikuwa tunapeleka maji ya moto kwenye nyumba 310, tukiwa na tanuri moja na mashine ya kuandikia iliyokatika herufi R. Leo nyumba ni 640, na kila moja ni mwanachama, maana kituo ni mali ya hao hao wanaopasha nyumba zao joto kwa maji yake. Wamepita wenyeviti sita, mameneja wanne na kompyuta sijui ngapi. Solveig aliwazoea wote, isipokuwa kompyuta ya mwaka 1997.

Vijana wa siku hizi hawajui kwamba zamani kila nyumba ilisoma mita yake yenyewe siku ya mwisho ya mwaka na kutuletea kadi. Mkulima mmoja, Poul, aliandika namba yake ya simu kwenye kisanduku cha mita. Kompyuta haikushtuka hata kidogo. Ilimwandalia bili ambayo asingeimaliza hata angeuza shamba, ng'ombe na mkewe juu. Solveig aliitambua ile namba, akaipiga. "Poul," akamwambia, "mwaka huu umeoga kweli kweli."

Kuhusu wanaochelewa kulipa, alikuwa na utaratibu wake. Barua ya kwanza aliituma kama sheria inavyotaka. Ya pili hakuituma kamwe. Alivaa viatu, akaenda kubisha hodi. Alisema mtu aliyeshindwa kulipa bili ya joto anajua fika kwamba hajalipa, asilojua ni kama bado anaruhusiwa kuja kuongea. Katika miaka arobaini na moja hatujamkatia mtu joto hata mara moja, na wala hatukufilisika.

Sasa nifike mwaka 2016, maana wengi mtanilaumu nikiuruka. Nusura tuuze kituo.

Sheria yetu inataka joto la nyumbani liuzwe kwa gharama yake tu, bila faida. Mwaka ule wakubwa walianza kuzungumza juu ya kuilegeza, na wenye fedha wakanusa. Kampuni moja kubwa, ambayo jina lake silipi nafasi katika jarida hili la wanachama, ilimtumia mwenyekiti wetu Aksel Brorholt watu watatu wenye suti na makaratasi mazuri. Wangekinunua kituo, wangefunga matanuri ya mabua na kutuunganisha na mtambo wao wa gesi. Kila nyumba ingepewa pesa taslimu, krone elfu sita na mia tano, papo hapo. Ofisi ingehamishiwa mjini, na Solveig, aliyekuwa amebakiza miaka tisa kustaafu, aliambiwa kwa upole kwamba nafasi yake ingefikiriwa kama angeonyesha ushirikiano.

Aksel si mtu mbaya, na Ijumaa atakuja na keki. Alikuwa amechoka. Bomba kuu lilikuwa limezeeka, ruzuku ya serikali ilikuwa inaisha, na aliogopa kukiacha kituo na madeni. Tatizo lake ni kwamba hapendi kelele. Kwa hiyo alipoandika ajenda ya mkutano mkuu, lile jambo zito aliliweka chini kabisa, watu watakapokuwa wameshiba. Namba nane: Mengineyo, pamoja na uuzaji wa kituo.

Solveig ndiye aliyeuchapa mwaliko. Alimuuliza Aksel, "Una hakika unataka hili liwe namba nane?" Aksel akasema ndiyo. Akamuuliza tena. Aksel akamjibu, "Solveig, chapa kama nilivyoandika." Akachapa kama alivyoandika.

Mwaliko ulifika nyumba zote 640. Tuliusoma sote, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu juu yake iliandikwa kwamba kampuni ingetulisha nyama ya nguruwe ya kukaanga kwa mchuzi mweupe wa kotimiri, ule kiasi cha tumbo lako. Macho yetu yalifika kwenye nyama yakakaa hapo hapo. Mkutano ambao kwa kawaida huhudhuriwa na watu thelathini ulijaa watu mia mbili na zaidi.

Tulikula. Mwanasheria aliyeletwa kuendesha kikao alipita ajenda moja hadi saba kwa dakika ishirini. Alipofika namba nane akauliza nani anaunga mkono uuzaji, na mikono ikaanza kupanda. Hapo Solveig akavua koti lake la kazi, lile lenye jina la kituo mgongoni, akalitundika kwenye kiti na kusimama na sweta lake la buluu.

"Nasema kama mwenye nyumba namba 14, si kama karani," akasema. "Tuko kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo tunaweza kuongea mpaka kesho, lakini hatuwezi kuamua kitu. Ibara ya kumi na moja."

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Eh, kweli jamani! Hata timu yetu ya mpira wa mikono haipigi kura kwenye mengineyo!" Na kila mtu akakumbuka alichokuwa anakijua tangu darasa la tano. Katika nchi hii mtu anaweza kusahau siku ya ndoa yake, lakini hilo halisahau.

Aksel akawa mwekundu usoni. "Lakini mwaliko uliuchapa wewe!"

"Niliuchapa, Aksel. Na nikakuuliza mara mbili."

Watu walicheka mpaka vikombe vikagongana. Mwanasheria alifungua katiba ya ushirika, akaisoma ibara ya kumi na moja, akaisoma tena, akaomba maji. Kura ikaahirishwa kwa wiki tano.

Katika wiki hizo tano Solveig alifungua ofisi kila Jumamosi, bila malipo ya ziada, akaweka birika la kahawa mezani. Hakumwambia mtu apige kura vipi. Alisema tu mje na bili zenu, tuzisome pamoja na ukurasa wa thelathini na moja wa mkataba wa kampuni. Huko ndiko ilikoandikwa kwamba kwa miaka ishirini bei ya joto ingefuata bei ya gesi. Alimkalisha kila mmoja, akachukua matumizi ya nyumba yake halisi, akapiga hesabu mbele yake kwa penseli. Mjane mmoja wa mtaa wa juu aliifuata hesabu kwa kidole mpaka chini. "Kwa hiyo hizo elfu sita na mia tano watakazonipa, nitawarudishia mwenyewe?"

"Kwa majira matatu ya baridi," Solveig akamjibu. "Gesi isipopanda."

Kura zilikuwa 298 za kukataa na 117 za kukubali. Solveig alikaa chini, akafunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yake yakashuka. Ni mara pekee nimemwona akilia, na alilia kwa kufarijika. Mpaka siku ile hakuna aliyejua kwamba usiku alikuwa hapati usingizi.

Yaliyobaki mnayajua. Mwaka 2022 gesi ilipopaa, wenzetu wa mji wa jirani, ambao wao waliuza, walilipa karibu mara tatu. Walihamia chumba kimoja, wakala chakula cha jioni wamevaa makoti. Bei yetu ilipanda kidogo tu, kwa sababu mvua ililowesha mabua. Bomba kuu tulilibadilisha wenyewe, kipande kwa kipande, na deni lake liliisha mwaka jana. Asubuhi za baridi ya mwaka ule wa gesi nilikuwa nikishika bomba la moto ukutani kwangu na kushusha pumzi.

Nilitakiwa niishie hapa. Lakini kuna jambo ambalo Solveig hajamwambia mtu kwa miaka tisa, na kama mimi nisipolisema, atastaafu nalo.

Kabla ya ule mkutano wa kwanza, watu wa kampuni walipita kwangu pia. Waliniahidi cheo cha msimamizi wa eneo na gari. Nikasaini karatasi ya kuunga mkono uuzaji, nikakubali kuhamia mjini kwao. Wiki nilizokuwa nakunywa kahawa yake ya Jumamosi na kuitikia kwa kichwa, saini yangu ilikuwa mjini. Mimi ni mmoja wa wale 117.

Baada ya kura, kampuni ilirudisha makaratasi yake kwa posta. Barua zote za kituo hufunguliwa na Solveig. Siku ile alishuka mpaka kwenye chumba cha matanuri, mahali asipokanyaga kwa sababu ya chafya, akanipa bahasha iliyokwisha kufunguliwa, karatasi yenye saini yangu ikiwa ndani.

"Tanuri la pili linasuasua leo, Flemming," akasema. "Jaribu na hii."

Alipiga chafya mara tatu, akapanda ngazi. Kesho yake saa tatu alinimiminia kahawa kama siku zote, na kama kuna neno alilobakiza moyoni, mimi sijalisikia mpaka leo.

Solveig, kwa niaba ya nyumba zote 640, asante. Ijumaa ukishatoka mlangoni, mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na watu wa kucheka nao. Na mimi, ambaye ulinifichia aibu yangu, sina haja ya kufichiwa tena. Nilisaini. Sasa wote wanajua, nami nitakuwepo kazini Jumatatu.

Flemming Rask, fundi wa matanuri