Kiwanja cha Nyasura Hakiuzwi

Sogeeni wanangu, mnisikilize ningali na sauti. Safina, zima hiyo redio. Ikhlas, niinue mgongo kidogo, hivyo hivyo. Luqmani, wewe kaa hapa nikuone. Na wewe shemeji Anuari, usitoke. Najua umefunga safari mpaka hapa Kigera, Musoma, kuangalia kama nimeshakufa. Sijafa, na mengi nitakayosema yanakuhusu.

Mafungu yenu ya mirathi Mwenyezi Mungu ameshayapanga, mimi Mwanaupe si wa kuyapangua. Ninachousia ni banda la magodoro kule Bunda, Nyasura, ambalo tangu Ijumaa nasikia linatafutiwa mteja.

Alipofariki baba yenu, Twalib, nilibaki na banda hilo, cherehani mbili, na Mbuke aliyekuwa akinijazia pamba. Wakasema mwanamke hawezi biashara, nimwachie shemeji. Sikumwachia. Nilikuwaga napanda gari la alfajiri kwenda Mugeta, nanunua pamba mwenyewe mikononi mwa wakulima, narudi nimekaa juu ya mzigo. Kisha nikakata bima ya moto. Anuari akasema mbele ya watu kwamba anayekata bima amepungukiwa imani kwa Mungu. Nikamuuliza, "Shemeji, mbona duka lako lina kufuli?"

Wakala wa bima alikuwa binti mmoja anaitwa Gloria. Alikaa juu ya robota la pamba akaniuliza maswali kama askari: kuta ni za nini, nani anapika karibu, ndani kuna nini kingine. Wakati ule nilikuwa nauza petroli ya madumu kwa vijana wa bodaboda. Ningeweza kunyamaza. Nikamwonyesha madumu. Akaniambia, "Mama, haya ukiyaficha, siku ya moto mkataba wako utakuwa karatasi ya kufungia maandazi. Bima inaanza na ukweli." Akaandika kila kitu, na siku hiyo hiyo nikaacha petroli. Mficha maradhi, wanangu, kilio humuumbua.

Lakini hapo hapo ujanja ukanishika. Mali ya banda ilikuwa ya milioni ishirini, mimi nikaandikisha kumi, ili ada ya mwaka iwe ndogo. Gloria alinikanya, nikamwambia mwenye mali ni mimi. Rahisi huvunja upishi, nayo ikauvunja.

Moto ulikuja mwaka wa tatu, mwezi wa nane, saa saba mchana. Mtu alichoma takataka nyuma ya kiwanja, upepo ukabeba cheche. Pamba haiwaki kwa kelele, inaliwa ndani kwa ndani, halafu unaona bati linapinda. Mbuke aliingia mara mbili akatoa marobota. Mara ya tatu nilimshika gauni mpaka likachanika, nikamwambia, "Pamba ina bima, wewe huna." Zimamoto wakaokoa zaidi ya nusu.

Jioni Anuari alikuja. Wiki ile cherehani zangu zote mbili zilikuwa Butiama kwa fundi, naye alijua. Akaniinamia sikioni, "Ziandike nazo zimeungua. Nani atajua?" Nikamwambia, "Nitajua mimi." Bima inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya moto, wanangu, haikusogezi hatua moja mbele, anayetaka kupanda kwa ngazi ya moto ni mwizi kama wezi wengine. Aliondoka akisema nitakufa maskini.

Mkaguzi wa hasara alipekua majivu kwa kijiti siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza habari za petroli, maana kuna mtu alimpelekea maneno kwamba naificha humo. Akafungua fomu yangu, akakuta nimeitaja kwa kinywa changu na siku niliyoiacha. Akaifunga, hakuuliza tena. Aliyepeleka maneno yumo humu ndani, na sasa anaangalia viatu vyake.

Hasara ilikuwa milioni nane. Nikajipigia hesabu: nane haijafika kumi, nitalipwa yote. Wakanilipa nne. Nikaja mpaka ofisini kwao hapa Musoma, nikatandika kanga mlangoni, nikasema siondoki. Gloria akatoka, akachuchumaa mbele yangu. "Mama, mali ya ishirini uliandikisha kumi. Nusu tuliibeba sisi, nusu ukaibeba wewe. Kinachoungua kinatuunguza wote sawa." Nilikunja kanga yangu. Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu aliyeibiwa, kumbe nilijiibia mwenyewe.

Kwa zile nne nikaezeka upya. Anuari akaleta mnunuzi wa kiwanja. Nikampokea na panga la kukatia kamba za marobota, hata kwenye pikipiki hakushuka. Tangu mwaka ule naandikisha thamani kamili, na mali ikiongezeka nasema.

Sasa shikeni. Kiwanja hakiuzwi. Anuari, kosa lako nimelisamehe, kiwanja sikuachii. Cherehani moja ni ya Mbuke. Si mrithi, lakini hiyo nampa mimi, na asiulizwe na mtu. Safina, wiki ile ile mtakayonizika, peleka habari kwa wenye bima. Mkataba una jina langu, na maiti hapati hasara. Anayelipwa ni yule ambaye mali ikiungua, yeye anaumia. Hao mtakuwa nyinyi, basi yaandikwe majina yenu.

Nipeni maji... Luqmani. Mbuke ameniambia. Nyuma ya magodoro umepanga mitungi ya gesi ya kuuza, tangu Ramadhani, na hujamwambia mtu wa bima. Usiangalie ukuta, niangalie mimi. Chukua simu. Mpigie Gloria sasa hivi, weka spika.

Sema mingapi... Sema vizuri, mwanangu, asikie. Thelathini. Haya... Umemsikia? Banda lingewaka leo, hata godoro moja wasingelipa. Na ungekuwa umeunguza jasho la Mbuke, na la dada zako, na langu.

Sikukasirikii. Nami niliwahi kujiona mjanja.

Nilazeni sasa. Mungu awape kazi isiyokauka, na ulimi usioficha, na... watoto wa kuwapinga mnapokosea. Nimewaridhia wote watatu. Ikhlas, usilie, funika miguu yangu.

Luqmani, mbona bado umekaa? Magari ya Bunda yapo. Nenda. Wakikupigia simu njiani kwamba nimeondoka... usigeuze. Toa mitungi kwanza. Halafu ndiyo uje unizike.