Kitambaa Cheupe Kwenye Mdomo wa Mfereji

Nawasalimu, ndugu zangu, katika jina la Yesu aliyenitafuta. Naanza na jambo lenyewe, kisha nitarudi nyuma nieleze. Nililelewa katika makao ya yatima hapa Voi tangu nikiwa mdogo sana hadi nilipomaliza shule. Wakati huo wote mama yangu mzazi alikuwa hai, analima ndizi na nyanya kule Mata, katika kaunti hii yetu. Barabara iliyopita karibu na makao yale ndiyo hiyo hiyo inayofika Taveta, jirani na Mata.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Neema, ninayeandika matangazo ya kanisa na habari za ushirika. Akina mama husema ukikaa karibu na Neema utaulizwa hata ulipika nini jana. Ni kweli, napenda kuuliza. Lakini swali moja sikuwahi kuliuliza, kwa sababu jibu lake nilipewa kabla sijajua kuuliza: huna mtu. Walezi walinieleza hivyo bila ubaya, kama unavyomwambia mtoto saizi ya viatu vyake. Nikaamini.

Siku ya wazazi shuleni nilikuwa nafua nguo ambazo tayari ni safi. Baadaye nilipookoka nilimpenda Bwana kwa kweli, lakini wimbo wowote uliotaja kurudi nyumbani niliuimba kwa midomo tu. Makao yale yalishafungwa, nami nilikuwa na kazi yangu dukani na chumba changu. Nilijiona nimepona.

Basi kanisa likatafuta watu wa kujitolea katika huduma ya watoto wanaolala karibu na maegesho ya malori. Tukaitwa kwenye mafunzo, katika ukumbi ule wa nyuma ya kanisa. Nilidhani tutafundishwa nyimbo zenye vitendo, hadithi za Biblia na namna ya kugawa uji bila vurugu. Mkufunzi wetu, Mwalimu Mghoi, mama aliyefanya kazi ya afisa wa watoto mpaka akastaafu, alitusikiliza tukitaja hayo yote, kisha akauliza, "Mtoto akishiba uji wenu, anataka nini?"

Akajibu mwenyewe:

"Anataka mtu wake. Na nyinyi kazi yenu ni kumtafuta huyo mtu."

Akatufundisha namna. Mtoto mdogo, alisema, hajui jina la kata yao. Mama yake anaitwa Mama. Ukimuuliza baba yako ni nani, anasikia kama anashtakiwa, na atakudanganya ili umwache. Lakini hakuna mtoto wa nchi hii ambaye hajawahi kutumwa. Kwa hiyo muulize alikuwa akitumwa wapi, alibeba nini, alipita nini njiani, alichapwa kwa kuchelewa au la. Miguu ya mtoto inakumbuka. Na kabla hujamuuliza mtoto wa watu, uulizwe wewe kwanza, ujue swali hilo linaingiaje mwilini.

Tukakaa mduara. Mchungaji Mbogho wa Ronge, kule milimani, alitumwa chumvi akaila njiani, tukacheka. Zamu yangu ikafika, nami nikafungua kinywa kusema sikumbuki kitu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Nilikuwa nalinda maji."

"Maji?" Mchungaji akauliza. "Dada Neema, maji yana miguu? Sisi kwetu tunalinda mahindi yasiliwe na nyani. Ulikuwa na rungu, ama bunduki?"

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka pia. Ni Mama Eliza peke yake ambaye hakucheka. Yeye ni shemasi anayetoka Mata, mfanyabiashara wa vitunguu, mwenye sauti ya soko.

"Cheka tu, mchungaji," alisema. "Wewe maji yako yanateremka mlimani yenyewe. Kwetu ni ya mfereji na ni ya zamu. Ukifumba macho, jirani anakuzibia kwa gunia la udongo, shamba lake linalowa na lako linabaki vumbi. Tunawaweka watoto hapo walinde." Kisha akanigeukia. "Jua lilikuwa linatokea wapi?"

Sikujua kwamba najua. Nikamwambia lilitokea nyuma ya kilima kidogo kilichokaa peke yake kwenye tambarare.

"Hiyo ni Salaita," akasema. "Na kama jua linatokea nyuma yake, basi wewe umeitazama ukiwa upande wetu."

Nikaendelea, maneno yakija moja moja: maji baridi vidoleni, shina la mgomba lililolazwa kama daraja, na mgongoni kitu kizito, cha joto. Nilidhani ni jua. Mwalimu Mghoi akainua mkono. "Simama hapo. Kama kuna jingine, usituambie. Baki nalo."

Lilikuwepo jingine, nami nikabaki nalo. Alinieleza sababu baadaye, tukiwa wawili. Habari ya kumpata mama ni tamu, na watu wema wanaweza kukupa mama asiye wako kwa huruma tu. Kwa hiyo anayetafuta huficha jambo moja, asubiri litoke upande wa pili bila kuombwa. Tena anayetafutiwa haendi safari ya kwanza.

Mimi mwenyewe nilishuku. Huenda niliona mfereji kwenye kitabu cha shule. Huenda nilitamani mno. Niliomba hivi: Bwana, kama ni ndoto, ifute mapema, kabla sijaizoea. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, kwamba nitapewa mtu kisha nipokonywe, nirudi kufua nguo safi.

Mama Eliza akaenda. Hakutaja jina langu. Aliwauliza tu wanawake wa mfereji kama kuna mtoto aliyekuwa akilinda maji akaondoka. Aliporudi alikataa kukaa. "Kuna mama mmoja," alisema. "Mumewe alifariki. Akaja mgeni na gari, akasema anachukua watoto wa wajane, wakubwa kwa wadogo, awapeleke shule ya bweni, watarudi likizo. Hawakurudi. Neema, huyo mama anasema alikuwa akimpa binti yake kijiti chenye kitambaa cheupe. Maji yakiibwa, mtoto akiinue, naye akione akiwa shambani."

Nilikaa chini sakafuni. Hicho ndicho nilichokuwa nimekificha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Nilikuwa nimekumbuka kitambaa, sikuwa nimekumbuka ni nani aliyekuwa akikitazama.

Tulikwenda asubuhi, Mwalimu Mghoi, Mama Eliza na mimi. Aliyetusubiri kando ya migomba ni mwanamke mwembamba, mwenye mtandio wa kijani na matope hadi vifundoni. Hakukimbia. Alinitazama usoni, akanishika kidevu akakigeuza upande, kama mtu anayechagua embe. Akasema, "Mwanaisha." Ndilo jina langu la kwanza, na siku hiyo ndipo nilipolisikia. Akasema Alhamdulillahi, mimi nikasema asante Yesu, tukashikana.

Nawaambia wazi kwa kuwa mtaniuliza: mama yangu ni Mwislamu. Tunaombeana, kila mmoja kwa imani yake, na chai tunakunywa pamoja. Mengine nimemwachia Mungu. Aliponipoteza alifika Voi kuulizia, akaambiwa watoto wa gari lile walipelekwa mbele, Mombasa. Akaenda Mombasa, akatembea akiuliza hadi nauli ikamwishia. Hakunipata, kwa sababu nilikuwa Voi.

Wimbo wa kurudi nyumbani sasa naimba, tena kwa sauti mbaya mnayoijua. Nimemaliza mafunzo, nami huketi na watoto kule kwenye malori. Uji tunagawa. Wakishiba, nauliza walikuwa wakitumwa wapi, kisha nafunga mdomo, jambo ambalo kwangu ni muujiza wa pili. Namshukuru Mungu kwa Mwalimu Mghoi, kwa Mama Eliza, hata kwa mchungaji aliyecheka, maana kicheko chake ndicho kilichomfanya Mama Eliza aseme. Na wewe uliyeambiwa huna mtu, nakusihi, mwamini Yesu, kisha uulize. Yeye haogopi maswali yetu.

Lakini ushuhuda huu haujaisha, nami sitaki mtoke mkidhani umeisha. Siku ile kwenye migomba, mama aliponiachilia, alitazama nyuma yangu, kwenye njia tuliyojia. Akatazama tena.

"Na Hamisi?" akauliza. "Mwenzako yuko wapi?"

Sikuelewa. Ikabidi Mama Eliza amuulize mama, kisha aniambie polepole kwamba nilikuwa na mdogo wangu. Nilikuwa nambeba nikilinda maji. Tulipanda gari lile pamoja, yeye akiwa mgongoni mwangu.

Tangu hapo tunamtafuta, lakini si kwa njia ile ile. Hamisi alikuwa mdogo mno, hakuwahi kutumwa popote, kwa hiyo swali letu halimfai. Nimempata mlezi mmoja wa makao yale, mzee sasa, mwenye kumbukumbu nzuri. Anakumbuka siku niliyofika Voi. Anasema nilishuka garini peke yangu, silii, na kanga ilikuwa bado imefungwa mgongoni mwangu, ndani hamna kitu.