Tandiko la Farasi Lililoshonwa Baghdadiyah

Protus Barasa ametumikia jumba letu la makumbusho hapa Jeddah kwa miaka kumi na tisa. Alipaswa kustaafu tarehe 30 Juni 2025. Anaondoka leo, 24 Julai, na siku hizo za ziada zina maelezo.

Jumba letu huonyesha vita vya Wamarekani na maisha ya walowezi wao: bunduki, sare, kibanda cha magogo ambacho hakuna mlowezi angekubali kulala ndani. Wageni hupiga picha na bunduki, kisha huuliza choo kiko wapi. Protus alisafisha vyote, na ndiye pekee aliyesoma kila kibao. Alisema walowezi waliochukua ardhi karibu na kwao Bungoma nao walikuwa na farasi wanono na maelezo marefu.

Agosti 2017, mkurugenzi wetu, anayeishi Riyadh na kudhani hewa ya nchi nzima ni kavu kama ya kwake, aliagiza viyoyozi vizimwe wakati wa likizo. Protus alimpigia simu kumweleza kwamba Jeddah ngozi huota ukungu. Akajibiwa, "Mafi mushkila, hakuna shida, Protus. Wewe fagia."

Tuliporudi, tandiko la askari wa farasi, fahari ya jumba, lilikuwa limeoza na kupasuka. Protus, aliyefunzwa kazi ya ngozi na mjomba wake, alishona jingine chumbani kwetu mtaa wa Baghdadiyah kwa siku kumi na moja. Mkurugenzi akaliweka ndani ya kioo na kibao kilekile: mwaka 1874. Mtaalamu mmoja akalipapasa, akasema anasikia humo jasho la vita. Jasho lilikuwepo, ila la Bungoma.

Tarehe 30 Juni, iliyopaswa kuwa siku yake ya mwisho, Protus alitakiwa kusaini kwamba anakabidhi tandiko la asili. Asiposaini, hapati karatasi ya kutoka nchini. Akisaini, siku likigunduliwa kuwa si la asili, mwizi ni yeye.

"Bosi," alisema, "andika kwamba nimelishona mimi, au mwite yule mtaalamu alipapase tena."

Mkurugenzi alitafakari siku ishirini na tatu, muda mrefu kuliko wowote tuliowahi kumwona akifikiri. Jana alisaini maneno ya Protus mbele yetu. Kibao hajakibadilisha.

Mzee Protus, asante kwa kazi safi na kwa ukaidi wako. Nenda salama kwa mama watoto, upumzike, na usimfagilie mtu tena.