Libère, Aliyempima Kila Mtu Peke Yake

Marehemu Libère Ntahomvukiye alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 huko Rumonge, Burundi, mtoto wa tatu wa mzee Athanase na mama Gaudence. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Hesabu zilimshinda, lakini kiuno cha mtu alikikadiria kwa jicho asikosee.

Vita vilimkimbiza hadi Kigoma, na mwaka 2001 akafika Johannesburg. Alipata kazi Jeppestown kwa Mzee Jivan, fundi Mhindi aliyewasha taa ya udongo kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani. Mzee alimfundisha falsafa ya kwao: Mungu hakai mbali, yumo ndani ya kila kilichopo, na vyote ni jora moja la kitambaa. Libère alilipenda fundisho hilo, ila alimbishia mzee miaka kumi na minane: kama vyote ni kimoja, mtu mmoja akifa ataliliwa na nani? Kila mkimbizi alipofariki bila ndugu, Libère alikwenda kumpima na kumshonea nguo ya kuzikwa. Hapo hakukubali kukadiria kwa jicho.

Tarehe 8 Juni 2002, Troyeville, alifunga ndoa na Jocelyne, fundi wa magauni. Walipendana sana, lakini vikombe kabatini havikosi kugongana. Mzee Jivan alipofariki mwaka 2019 alimwachia Libère karakana na ile taa, naye akaendelea kuiwasha. Wazee wa kanisa waliiona taa hiyo kuwa ibada ya kigeni, wakamwondoa kwenye kwaya. Jocelyne aliogopa mumewe amepotea, na tangu hapo hakukanyaga karakana.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Wiki ya mwisho Jocelyne alimwuliza anamwomba nani.

“Ni huyohuyo wako, mama Sagesse,” alijibu. “Jora ni moja, nakubali. Lakini kila mutu unamupima yeye peke yake.”

Alifariki nyumbani Kensington, hapa Johannesburg, Jumatano tarehe 14 Mei 2025.

Ndugu walileta suti ya dukani. Jocelyne aliikataa. Alikwenda karakana, akawasha taa, akachukua futi ya kupimia, akaenda kumpima mumewe. Suti aliyovaa leo ameishona yeye. Mkono wa kushoto ni mrefu kidogo, maana ndivyo ulivyokuwa mkono wake, na kwa karibu miaka ishirini na mitatu ya ndoa mkewe hakuwahi kujua.

Ameacha mjane, Jocelyne; watoto, Sagesse na Joël; na mdogo wake, Égide. Mbishi wetu apumzike kwa amani.